Namna ya Kupata Cheti cha Usonji Bila Kujua Usonji

Ndugu yangu uliyetua England juzi ukapata kazi ya kea, hongera. Sasa utaitwa mafunzoni. Usitishike. Sheria ya Afya na Huduma ya mwaka 2022 inamdai mwajiri wako ahakikishe umefunzwa kuhusu usonji na ulemavu wa akili, kwa kiwango kinacholingana na kazi yako. Mara nyingi yatakuwa Mafunzo ya Oliver McGowan, na kuna njia ya kuyapita ukiwa mzima kama ulivyoingia.

Sehemu ya kwanza ni ya kwenye kompyuta, kama saa moja na nusu hivi. Ifanye usiku baada ya zamu ndefu, ukiongea na wa nyumbani simuni, kidole kikibofya tu. Zile video ambamo watu wenye usonji wanajieleza wenyewe, zima sauti. Na usiulize huyo Oliver ni nani, maana ukijua umeharibikiwa. Alikuwa kijana wa miaka 18, ana kifafa na usonji, akalazwa hospitali mjini Bristol mwaka 2016. Yeye na wazazi wake walisema wazi kwamba dawa za kutuliza wagonjwa wa akili zinamdhuru. Akapewa olanzapine hata hivyo. Ubongo ukavimba, akafa Novemba mwaka huo. Mama yake, Paula, ndiye aliyehangaika na bunge mpaka sheria ikapatikana. Unaona? Ukishayajua haya huwezi tena kubofya kwa amani.

Wanaohudumia watu moja kwa moja huongezewa siku nzima ya ana kwa ana, na mmoja wa wakufunzi ana usonji. Akizungumza, mtazame mwenzake. Wakati wa chai msogelee umpe pongezi: “Lakini wewe huonekani kabisa kama una usonji!” Ongeza kwamba hata wewe unao kidogo, kwani hupendi fujo.

Cheti kikishatoka, rudi wodini.

Hapo jambo la kuwa nalo makini ni macho. Wewe umelelewa ukijua mtoto hamkodolei mkubwa macho. Ukisemeshwa na babu, unainama, na hakuna aliyewahi kusema husikii. Malezi hayo yaache uwanja wa ndege. Mgonjwa mwenye usonji akikujibu huku anatazama ukuta, mshike kidevu, kisha uandike: “Hatoi ushirikiano.” Muulize maswali manne kwa pumzi moja, na kabla hajamaliza kulitafakari la kwanza, yarudie yote kwa sauti ya mnada. Taa ya juu inayovuma na kupepesa iache hivyo hivyo. Televisheni pia.

Akikuita, sema “nakuja sasa hivi.” Kwetu sasa hivi huanza asubuhi ikaisha adhuhuri na hakuna anayegombana, lakini huyu ataishika kama ulivyoisema, na dakika ya tano atakuwa mlangoni akitetemeka. Andika: “Msumbufu.” Ungeweza kumwambia “saa nne na robo” na ukatokea saa nne na robo, ila nani ana nafasi?

Akianza kujigonga kichwa, usihangaike kuangalia jino, sikio wala kama amepata choo wiki hii. Ana usonji, basi kila kitu ni usonji. Neno “tabia” lina herufi tano tu na linaokoa muda mwingi, ingawa jipu la jino halijui kusoma.

Mwishowe atafika mama mtu na karatasi yake: dawa mwanawe anazokataa, namna anavyoonyesha maumivu, sauti zinazomtesa, neno la kumtuliza. Mpokee kwa tabasamu. Mwambie saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Karatasi itie kwenye faili, nyuma kabisa, chini ya fomu ya chakula, daktari wa usiku asije akaiona kabla hajaandika dawa.