Namna ya Kumkamata Mwizi wa Chaji

Pikipiki isiyochaji kabisa haisumbui: fundi anapima, anaona, anatengeneza. Kiboko ni ile inayozima leo, kesho selfu inaitika mara moja, keshokutwa taa zinafifia usiku ukiwa na abiria. Ukiifikisha kwa fundi, nzima! Huyo ni mwizi wa chaji, na siku zake arobaini unaweza kuzifupisha hivi.

1. Usinunue betri kwanza. Betri mpya ni kumwandalia mwizi karamu. Ijaze ya zamani kwa chaja, iache itulie saa kadhaa, kisha pima. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 hadi 12.8. Ikisoma hivyo, halafu ukibonyeza selfu ikaporomoka chini ya 9, hapo kweli betri imechoka.

2. Pima injini ikinguruma. Weka mita kwenye DC, shika vichwa vya betri, vuta mafuta kiasi cha mwendo wa barabarani. Tafuta volti 13.5 hadi 14.5. Ikigoma kwenye 12 na kitu, chaji haifiki. Ikipita 15, shuku rektifaya: inaachia umeme mwingi na betri itachemka.

3. Mchokoze. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Injini ikiwaka na mita ikiwa mahali pake, kata usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Tikisa nyaya chini ya tangi, moja moja. Bonyeza kila soketi. Namba ikiruka, usiguse kingine, umefika. Waya wa shingo ya usukani hukunjwa kila kona, hivyo shaba hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Fungua pia soketi ya rektifaya: pini yenye unga wa kijani ni alama ya kutu ya unyevu, na plastiki iliyogeuka kahawia ni alama ya joto la muunganisho uliolegea. Pini iliyoungua ibadilishwe. Tepu haiponyi.

4. Kagua ethi. Taa zikiwaka na injini ikivutwa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye injini. Ikizidi volti 0.2 hivi, umeme unaliwa njiani. Fungua bolti ya ethi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza.

5. Pima baridi, pima moto. Kwa pikipiki yenye nyaya tatu za njano kutoka kwenye magneti, zichomoe, weka mita kwenye AC, pima kila jozi kwa mvuto uleule. Zitoe namba zinazokaribiana. Zirudishe, endesha nusu saa, kisha zichomoe tena na urudie. Jozi moja ikishuka, koili inavuja ikipata joto, ndiyo maana asubuhi ilikuwa safi. Koili zikiwa sawa, na nyaya pia, basi anayebaki ni rektifaya.

Usikubali neno "imepona" kwa sababu tu imewaka. Taa ya nyuma ikizimika ghafla barabara kuu, dereva wa lori hakuoni, na hilo halina spea. Kabla ya kulipa, mwombe fundi awashe taa, akate usukani pande zote injini ikiwa ya moto, na akuonyeshe namba kwenye mita haitikisiki.