Kerneli Yangu, Uniti Zetu

Ukiishi kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU, jitahidi kazi yako iwe ya kimyakimya. Pasi hula umeme kimya. Hita ya maji hula umeme kimya, tena ikiwa imezamishwa kwenye ndoo na mlango umefungwa. Kompyuta yangu ina feni tatu, zikikolea zinasikika mpaka uani, kwa hiyo uniti zilipoanza kuisha kabla ya wiki kuisha hakuna aliyehangaika kutafuta mchawi.

Kazi yenyewe ilikuwa halali kabisa. Nahariri video za harusi, sendofu na kipaimara, na programu ninayoitumia haitaki kuisikia Linux. Mimi nami Linux siihami. Dawa yake inajulikana: unatengeneza kompyuta pepe ndani ya kompyuta halisi, humo unaweka ule mfumo mwingine, wa madirisha, kisha unaikabidhi kadi ya picha nzima kama ilivyo, iitumie kana kwamba imechomekwa humo humo. Linux inabaki na uwezo mdogo wa picha uliomo kwenye prosesa. Ukisikia inavyoelezwa, utadhani ni kazi ya alasiri moja, na kikombe cha chai juu yake.

Na kweli siku hizi watu wengi hawaigusi hata kerneli, kiini cha Linux yenyewe. Zamani ilikuwa lazima. Xen, programu ya kuendesha kompyuta pepe iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge na kutolewa kwa umma mwaka 2003, ilidai kerneli iliyobandikwa viraka, na viraka hivyo vilizunguka nje ya Linux rasmi kwa miaka. Ilipofika Linux 3.0 mwaka 2011 ndipo kerneli ya kawaida ikaweza kuwa mwenyeji wa Xen bila kushonewa kitu pembeni. KVM, yenye kazi hiyo hiyo, ilipita njia nyingine. Avi Kivity na wenzake wa kampuni ya Qumranet waliiandika kama moduli ya kerneli yenyewe, ikapokewa kwenye Linux 2.6.20 Februari 2007, na tangu hapo prosesa ikiwa na alama ya vmx au svm kwenye /proc/cpuinfo, mambo mengi yanakwenda bila mganga. Yangu ina svm. Nikapokea malipo ya awali ya harusi mbili.

Kumbe kuna suala la makundi.

Ndani ya mashine mna kitu kinaitwa IOMMU, bawabu anayeamua kila kifaa kiruhusiwe kugusa sehemu gani ya kumbukumbu. Vifaa vinavyoweza kunong'onezana bila kumpitia bawabu huyo, kerneli inavihesabu kuwa kundi moja, na VFIO, ambayo ndiyo inayokabidhi vifaa kwa kompyuta pepe, haigawi kundi. Unatoa vyote au hutoi kitu. Kadi yangu ya picha ilikuwa kundi moja na kadi ya sauti, kidhibiti cha diski na matundu yote ya USB ya nyuma. Yaani ni sisi na LUKU yetu kabisa: huwezi kumkatia umeme mpangaji mmoja bila kuwaweka wote gizani. Ningeitoa kadi ya picha, ningetoa na diski ambayo mfumo wenyewe umelala juu yake.

Hapo ndipo kiraka kinapoingia. Alex Williamson, msimamizi wa VFIO mwenyewe, alikiandika mwaka 2013. Kazi yake ni kuiambia kerneli kwamba vifaa hivi vimetengana vizuri, kila kimoja na chake, hata kama vyenyewe havijawahi kusema hivyo. Kwa lugha ya mtaani, kinadanganya. Wakubwa wa kerneli hawajakipokea hadi leo, na wana haki, maana kama vifaa kweli vinanong'onezana basi ukuta uliojenga ni wa pazia. Ila kwa mtu anayehariri harusi chumbani kwake, pazia linatosha. Hakuna adui humo ndani zaidi ya bwana harusi anayetaka apunguzwe kitambi.

Nikapakua msimbo wa kerneli, zaidi ya mistari milioni 30, bando likalia. Nikaita patch, programu aliyoiandika Larry Wall mwaka 1985 na ambayo bado inazungumza kwa ukali wa mwaka huo. Ikasoma kiraka, ikafika mahali, ikagoma: kipande kimoja kimekataliwa, mabaki yamehifadhiwa kwenye faili la .rej. Mtu ambaye hajawahi kuliona faili la .rej hajui moyo unavyoweza kushuka. Nikaanza kulisaka drivers/pci/quirks.c, faili ambamo wamekusanya vituko vyote vya vifaa vya watu, chipu hii husema uongo, ile husinzia, nikilinganisha mstari kwa mstari hadi macho yakaota mchanga. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Baada ya muda mrefu ndipo nikasoma jina la lile faili la .rej lenyewe: kernel-parameters.txt.rej. Kilichokataliwa ni maelezo. Msimbo wote uliingia bila kinyongo, isipokuwa aya moja ya kumweleza msomaji namna ya kuutumia, kwa kuwa tangu kiraka kile kitengenezwe kuna mtu aliongeza mistari miwili juu yake.

Kerneli ina vipengele zaidi ya 10,000 vya kuchagua uweke au usiweke. Wajuzi hutumia make localmodconfig: amri hiyo inachungulia moduli zinazotumika dakika ile, inaziacha, nyingine zote inazifyeka, kazi ya masaa inakuwa ya dakika. Dakika ile modemu yangu ya USB ilikuwa kwa mpwa wangu, aliyeiazima "mara moja tu, anko" tangu Ijumaa. Kerneli ikatoka nyepesi, safi, imenyoka. Mpwa akarudisha modemu, nikaichomeka, ikawaka taa ya kijani, na kompyuta ikaitazama kama mgeni asiyealikwa. Dereva wake alifyekwa. Na sijui kwa nini elimu yote ya kurudisha intaneti huhifadhiwa kwenye intaneti.

Bahati GRUB, programu inayouwasha mfumo, haisahau. Ukiwasha mashine ukabonyeza, inakuonyesha kerneli ya zamani bado imekaa pale inakungoja. Nikarudi kwayo, nikaongeza dereva wa modemu, nikaanza kukompaili upya, safari hii usiku, wakati wenye nyumba wamelala.

Hawakuwa wamelala. Walikuwa kikaoni uani, na ajenda ilikuwa mimi.

"Huyo kijana anasaga nini humo ndani?" aliuliza mzee wa chumba cha mwisho, ambaye ndiye mshika daftari la michango. Nikajaribu hesabu. Mashine yangu ikikazana hula kama wati 150. Ikikompaili kwa saa mbili ni uniti 0.3. Hita ya wati 1,500 inamaliza hizo hizo kwa dakika 12. Niliitaja hita kwa ujumla tu, bila kumtazama mtu, lakini mama wa chumba cha mbele akavuta kanga yake akaniambia, "Mwanangu, hita ukiisikia inalia nije nikuombe radhi." Kikao kikaona hoja hiyo ni nzito kuliko yangu.

Ukapendekezwa uchunguzi wa kisayansi: chumba kimoja kimoja kizimwe, watu watazame taa ya mita inavyopepesa. Chumba cha kwanza kuzimwa hakikupigiwa kura. Kutoka nilipokaa nilisikia feni tatu zikikata roho pamoja, na uani mtu akasema, "Mnaona? Imetulia."

Umeme uliporudi, kazi haikupotea. Make, programu inayosimamia kukompaili, ina uungwana huo, inaendelea ilipoishia kwa kutazama saa ya kila faili. Tatizo ni kwamba kibetri cha saa ya bodi, kile kidogo cha CR2032, kilikuwa kimekufa siku nyingi, na kwa kukosa umeme kompyuta iliamka ikiamini ni tarehe 1 Januari ya mwaka iliotengenezwa. Make ikakuta mafaili elfu kadhaa yaliyoandikwa miaka ijayo. Ikatoa onyo kwa kila moja, kwa heshima, kwamba faili hili limetoka wakati ujao, na mwishoni ikaongeza kwamba huenda kazi isiwe kamili. Nikarekebisha saa. Kisha ikagundua faili moja lina urefu wa sifuri, lile lililokuwa linaandikwa wakati wa uchunguzi wa kisayansi. Nikalifuta, ikaliandika tena, na muda wa adhana ya alfajiri kerneli ikawa tayari.

Makundi yalitengana. Kadi ya picha ikahamia ndani ya kompyuta pepe, skrini ya pili ikawaka, na mfumo wa madirisha ukanisalimia kwa kuniambia una masasisho muhimu, nisizime kompyuta. Modemu ikayapakua yote. Bando ndilo lililozima.

Mama mwenye nyumba naye alipata suluhisho lake: akaweka mita ndogo kwa kila chumba ili kila mtu ajue chake. Mita zinapendeza, namba zinazunguka, na LUKU ikiisha sote tunakaa gizani vilevile.

Mama wa chumba cha mbele alibisha hodi siku hiyo hiyo ya mita. Nikampa shikamoo, nikajiandaa kwa hita. Alikuwa na flashi ya kipaimara cha mjukuu wake, anataka kihaririwe, na muziki, na majina yapite chini. Nikamtajia bei, nikampunguzia kwa ujirani.

"Bei gani tena?" akasema, akiitazama mashine. "Uniti zangu si zimo humo ndani, baba?"

Nikaichomeka flashi.