Sifa za Ushuzi

Moyo umesifiwa hadi umevimba kichwa. Maini nayo yana mashairi yake. Wapenzi wa pwani hawachoki kuyataja. Lakini ushuzi, mzaliwa halali wa mwili huohuo, haujatungiwa hata ubeti mmoja wa heshima. Leo naomba niusimamie.

Tuanze na nasaba. Maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, na binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja. Tumbo huzipitisha, utumbo mwembamba wenye mita 6 hivi nao huzipitisha, kama ofisi zinavyosukumiana faili. Mwisho zinafika utumbo mpana, ambako bakteria wasiojua kususa huzichachusha. Hapo huzaliwa hidrojeni, kaboni dioksaidi na, kwa baadhi yetu, methani. Ongeza naitrojeni ya hewa tuliyoimeza tukila huku tunapiga soga, mtukufu amekamilika. Tena zaidi ya asilimia 99 ya gesi hizo hazina harufu yoyote! Kinachonuka ni kiasi kidogo mno cha gesi zenye salfa. Ukoo mzima unatukanwa kwa kosa la ndugu wachache.

Ushuzi hauna ubaguzi. Waziri, mchungaji na bibi harusi, kila mwenye afya hujamba takriban mara 10 hadi 20 kwa siku. Anayekana, ana lake.

Kisha tazama unavyotuliza watu. Daladala ya asubuhi, mvua inanyesha, vioo vimefungwa, konda na abiria wanazozana kwa chenji. Ghafla unapita ule wa kimya. Hakuna anayesema neno. Konda anasamehe deni, abiria wote wanageukia dirishani kwa pamoja, na mzee wa siti ya nyuma anaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Wasuluhishi wangapi wamepata umoja wa namna ile?

Hata katika dini haukuhukumiwa kwa fununu. Hutangua udhu, ndiyo, lakini aliye kwenye sala akashuku amefundishwa asiiache mpaka asikie sauti au ahisi harufu. Ushahidi kwanza.

Ila ukitaka kuuona katika enzi yake, nenda wodi ya waliopasuliwa tumbo. Baada ya kisu na dawa za usingizi, matumbo huzubaa, pengine kwa siku kadhaa. Daktari akipita haulizi habari za nyumbani. Anauliza, "Mama, umeshatoa hewa?" Mama mkwe yupo pembeni, chupa ya uji mapajani, hathubutu kuifungua kabla ya jibu. Mgonjwa anatikisa kichwa kwa haya: ndiyo, alfajiri. Basi "Alhamdulillahi" na "Bwana asifiwe" zinapishana juu ya kitanda kimoja, na mfuniko wa chupa unazunguka. Binti wa watu aliyefundishwa tangu utotoni kubana, leo anapongezwa kwa kuachia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiku huu ukila maharage usimsingizie mtoto wala paka. Ukiona haya, loweka maharage usiku kucha na umwage yale maji kabla ya kupika, utaupunguza. Lakini siku tumbo likivimba, likauma mfululizo, ukawa unatapika na ushuzi hautoki kabisa, usishangilie ustaarabu wako. Wahi hospitali, huenda utumbo umeziba.