Kanyaga Kwanza, Fungua Baadaye

Ntsk! Kaka yetu mwenye IST nyeupe karudi tena gereji. Alianza na pedi mpya. Zikafuata shuu za nyuma? Hapana, masta silinda, ya mtumba, kutoka maduka ya Gerezani. Leo kaambiwa, "Bosi, hapo kilichobaki ni busta." Kilichobaki! Yaani gari linavuliwa kiungo kimoja kimoja mpaka ugonjwa ukose pa kukaa. Na yeye anatoa tu. Huo si ufundi, hiyo ni pata potea, ila mcheza karata wa stendi angalau hakuombi na nauli ya kufuatia spea.

Nikamuuliza swali moja tu: huyo fundi alikaa kwenye kiti akakanyaga breki? Hakukaa. Alisikia "pedali inazama", akadaka jeki.

Loh! Sasa nyie mnaocheka, hebu niambieni: busta ikifa, pedali inakuwaje? Inakuwa ngumu. Unakanyaga kwa nguvu zako zote na gari linasita kusimama, kwa sababu busta kazi yake ni kukusaidia mguu. Ya kaka inazama. Busta imeingiaje hapo? Na kuipima ni bure. Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali ikaze, acha mguu juu yake, kisha washa. Ikishuka kidogo, busta nzima. Isiposhuka, usikimbilie kununua. Angalia kwanza ule mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta. Ukiwa umepasuka, umepona kwa bei ya mpira.

Turudi kwenye kuzama, maana kuzama nako kuko kwa aina. Kuna pedali laini, unasikia kabisa mguu unabonyea, ukikanyaga mara mbili tatu inajikaza. Huo ni upepo. Oili haibaniki, upepo unabanika, ndiyo maana nguvu zako zinaishia njiani. Unatoa upepo, halafu unatafuta ulipoingilia, la sivyo mwezi ujao mko palepale.

Kuna inayoshika vizuri, ila ukituliza mguu kwenye foleni inashuka polepole mpaka chini. Hapo fungua boneti, tazama kichupa cha oili. Kama oili inapungua, kuna pahala inavuja: chungulia nyuma ya matairi yote, fuata mabomba, na ukague pale masta inaposhikana na busta, maana huweza kuvujia humo ndani bila tone kufika chini. Kama oili iko palepale na kote kukavu, basi mipira ya ndani ya masta inapitisha. Hapo, na hapo tu, ndipo jina la masta linapotajwa.

Halafu kuna hii ya tatu, ambayo mimi ndiyo naishuku kwa kaka. Pedali inaanza kushika chini sana, lakini ikifika inagonga pagumu, haina ulaini hata chembe. IST nyingi nyuma zina dramu. Shuu zikilika na kile kigurudumu chenye meno cha kuzisogeza kikiganda kwa kutu na vumbi, shuu zinabaki mbali na dramu, na oili inamalizia mwendo kuzifuata huko. Ushahidi wake uko mkononi mwako: hendibreki unaivuta inapanda, inapanda, karibu ikuguse bega. Dawa yake bisibisi na subira. Hamna spea ya kuuza hapo, hamna cha juu. Mnashangaa kwa nini haitajwi?

Mzee anauliza, gari lake linavuta kushoto akikanyaga breki. Mzee wangu, anza na upepo wa matairi. Ukiwa sawa, usiulaumu upande wa kushoto haraka. Huenda wa kulia ndio haushiki. Endesha kidogo bila kugusa breki sana, kisha sogeza kiganja karibu na ringi bila kuigusa. Inayofuka joto peke yake ndiyo imeng'ang'ania. Inua tairi hilo kwa jeki, na likigoma kuzunguka, legeza skrubu ya kutolea upepo. Oili ikiruka na tairi likaachia, kuna msukumo ulionaswa, na mara nyingi ni mpira wa breki umevimba ndani wakati nje unang'aa. Lisipoachia, kalipa yenyewe imekwama, au pini zake kavu. Na ukikuta pedi ya ndani imekwisha na ya nje nzima, kubadilisha pedi bila kugusa hizo pini ni kuchoma pedi mpya.

Kuna na ugonjwa unaojificha. Oili ya breki hunyonya unyevu taratibu. DOT 3 mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango chake kinashuka mpaka kwenye 140. Mjini hutajua kitu. Teremka mlima Kitonga na mzigo, mguu juu ya breki njia nzima, oili inachemka, pedali inakwenda sakafuni. Ukipumzika chini inapoa, pedali inarudi, fundi anakwambia gari halina tatizo. Ah wapi!

Na wewe pale unayejaza oili kila ikishuka, ulishatazama pedi? Zikilika, oili hushuka yenyewe kidogo kidogo, ni kawaida. Ila ukijaza ile haidroliki ya usukani eti kwa sababu zote ni oili, mipira yote itavimba, ya masta, ya kalipa, mpaka ya nyuma. Hapo fundi akikwambia ubadilishe kila kitu, mlipe tu, hajakuonea.