Namna ya Kung'arisha Bilauri kwa Ujanja

Sogea karibu, tena funga mlango. Umepuliza bilauri kwa mikono yako, imepinda kidogo, ina kiputo cha hewa ubavuni, nawe unataka wageni waione waseme mashallah. Usihangaike kuinyoosha. Ipake dhahabu.

1. Ondoa aibu. Ujanja huu una ukoo. Vioo vya Kirumi vyenye rangi za upinde wa mvua havikutoka hivyo kwa fundi. Udongo ulivila karne kwa karne, ngozi yake ikaachana tabaka tabaka. Wazungu wa karne ya 19 wakaupenda uchakavu huo, wakautafutia njia ya mkato. Louis Comfort Tiffany wa New York akautengeneza kwa moto na chumvi za metali, akauuza ghali kwa jina la Favrile. Mwaka 1907 kampuni ya Fenton, hukohuko Marekani, ikavipulizia chumvi hizo vioo vya kukandamizwa kwenye kalibu vingali moto, ikaviuza bei ya chini. Watu wakaviita Tiffany ya maskini. Mimi navipenda kuliko Tiffany yenyewe, maana vilifika hata kwenye meza zisizo na kitambaa.

2. Nunua dhahabu ya maji. Ukifungua kichupa usishtuke: ni uji wa kahawia unaonuka mafuta, hauna mng'ao hata kidogo. Dhahabu imo, kiasi kidogo, imechanganywa na utomvu na mafuta. Heinrich Kühn wa kiwanda cha kauri cha Meissen, Ujerumani, ndiye aliyeivumbua karibu mwaka 1830. Kabla yake dhahabu ilitoka tanurini imefifia, fundi akaisugua kwa jiwe la akiki hadi mkono ukafa ganzi. Hii hutoka inang'aa yenyewe.

3. Osha. Hapa usidanganye. Futa bilauri kwa spiriti, kisha usiiguse kwa vidole vitupu. Mafuta ya kidole hayaonekani leo. Moto utayaonyesha kesho, na alama hiyo haifutiki. Brashi ya dhahabu isifanye kazi nyingine.

4. Paka, na hapa ndipo penye utamu. Ukipaka nene, dhahabu hujikunja na kubanduka motoni. Ukipaka nyembamba mno, hutoka zambarau. Ikitokea hivyo, sema zambarau ndiyo uliyoitaka, na bilauri ya pili uipake vivyo hivyo ili uaminike. Mdomo umepinda? Usiuzungushie mstari ulionyooka, utakuchongea. Chora mawimbi, na mpindo utaonekana ni wimbi mojawapo. Kiputo nacho kizungushie petali tano, kiwe moyo wa ua. Jicho la mgeni hukimbilia dhahabu. Wewe amua likimbilie wapi.

5. Choma. Acha kifuniko cha tanuri wazi kidogo mpaka mafuta yaishe kuungua, la sivyo moshi utatia ukungu kwenye dhahabu. Moshi huo usiuvute. Kioo cha kawaida huchomwa kwenye nyuzi 540 hadi 580 hivi, lakini jaribu kwanza kwa kigae cha kioo kilekile. Joto likizidi, bilauri hulegea na kuketi. Poza taratibu. Na njia ya Fenton usiijaribu nyumbani: chumvi ya bati ikigusa kioo cha moto hutoa mvuke wa asidi ya hidrokloriki, na mapafu hayana njia ya mkato.

6. Iweke dirishani, jua la asubuhi likusaidie kazi. Ioshe kwa mkono, bila steluzi. Kwenye maikrowevu isiingie kabisa, itatoa cheche.

Mgeni akiuliza ilikuchukua muda gani, mwambie usiku kucha. Ni kweli tupu: tanuri lilikuwa kazini, nawe ulikuwa umelala.