Futa ya Mjomba Tu

Mwaka 2008 kamati ya harusi ya binamu yangu ilinipa ukatibu kwa sababu moja tu: nilikuwa na kompyuta. Shangazi, mweka hazina, aliketi ubavuni kwangu akinisomea ahadi za michango kutoka kwenye simu yake. Simu yenyewe ilikuwa haibebi meseji nyingi, kwa hiyo kila akimaliza kunisomea moja, aliifuta.

Tulishavuka jina la tisini mjomba alipopiga. Shangazi akasikiliza, akaguna, akakata. "Mwanangu, ile laki ya mjomba wako ifute. Andika hamsini."

Kufuta neno zima kwa mkupuo ni Ctrl na Backspace. Kidole changu, kwa kiherehere chake, kikapitia na Alt. Skrini ikawa nyeusi tii, kisha ikarudi nyeupe pe, ikiniuliza jina langu na neno la siri.

"Nilisema ufute ya mjomba tu," shangazi akasema.

Nilikuwa natumia mfumo endeshi wa Ubuntu. Enzi hizo vitufe hivyo vitatu viliiua papo hapo seva ya X, ile inayochora madirisha yote, na ikifa hufa na kila programu iliyofunguliwa juu yake. Hakuna hata moja inayopata nafasi ya kuuliza, "Nihifadhi?" Viliwekwa kwa dharura, skrini ikiganda. Sawa, lakini nani anaweka mlango wa dharura pua na mdomo na kitasa cha choo?

Na somo lilikuwepo. David Bradley wa IBM, alipotafuta namna ya kuiwasha upya kompyuta yao ya 1981, kwanza alichagua Ctrl, Alt na Esc. Akagundua mkono mmoja unaweza kuvibonyeza kwa bahati mbaya, akahamia Del, upande wa pili wa kibodi, ili mikono yote miwili ihusike. Mikono miwili haikosei kwa pamoja kirahisi. Mmoja, hasa wangu, ni wa kuchungwa.

Ubuntu 9.04 ilipotoka mwaka 2009, njia ile ilikuwa imezimwa. Wazoefu walinung'unika, mimi nilishukuru, ingawa kwangu ilikuwa imechelewa mwaka mzima. Walionikosha zaidi ni watu wa openSUSE, mfumo mwingine wa aina hiyo: kwao enzi hizo ukibonyeza mara ya kwanza kompyuta ililia tu, na mpaka ubonyeze tena ndani ya sekunde mbili ndipo seva ya X iliuawa. Yaani hodi! Mtu anabisha, anasikika, na asiyekusudia kuingia anapata nafasi ya kuondoka.

Wanaotengeneza programu bado hawajasikia. Hadi leo nakutana na zile ambazo Ctrl na W hufunga dirisha moja, na Q, jirani yake wa ukuta mmoja, hufunga yote.

Kazi ya kuwapigia upya watu tisini niliifanya kwa vocha zangu. Mjomba alipopokea alisema hakumbuki hamsini yoyote, yeye aliahidi thelathini. Tukaandika thelathini.