Chagua kwa Balaa, Si kwa Raha

Fundo ni kisiwa chembamba cha jiwe la matumbawe, kimejinyoosha mbele ya mji wa Wete upande wa magharibi wa Pemba, na miongoni mwa vitu vingi ambavyo Mungu hakukijaalia, volkano ni kimojawapo. Hakuna mlima wa kupanda wala moto wa kuogopa. Ndiyo maana mtu wa Fundo akipata nafasi ya kwenda bara kutazama milima iliyowahi kutapika moto, hukutana na swali ambalo wazee wake hawakumwachia jawabu: akalale wapi? Mawakala wa utalii humwekea mbele vitu viwili. Cha kwanza ni loji ya porini, yenye hema au kibanda cha makuti, kandili na sauti za wadudu. Cha pili ni hoteli kubwa ya mapumziko, yenye bwawa la kuogelea, mazulia na vijana waliovaa vizibao wakisubiri kubeba mizigo. Washauri wote humwambia apime raha. Mimi nasema apime balaa. Malazi yasiyo na balaa hayajajengwa bado; tofauti ni kwamba mabalaa mengine mtu anayo kwao bure, na mengine hajapata kuyaona. Mwenye akili timamu havuki bahari na kupanda basi kutwa nzima kwenda kulipia balaa la nyumbani.

Tuanze na loji, maana ndiyo inayosifiwa zaidi siku hizi. Ukisoma matangazo ya loji zilizo chini ya Mlima Meru au karibu na kasoko ya Ngorongoro, utaona kwamba sifa nyingi ni upungufu uliovalishwa nguo za Idi. Hakuna televisheni: huo ni utulivu. Simu haishiki: huko ni kupumzika na dunia. Chakula ni kile kilichopikwa, hakuna kingine: huo ni ukarimu wa kienyeji. Maji ya kuogea hutiwa katika ndoo iliyotundikwa juu nyuma ya hema, mgeni akavuta kamba, na hayo huitwa maisha ya porini kama ya zamani. Sasa mpe mtu wa Fundo maneno hayo ayasome. Maji kumwishia akiwa na povu machoni ni jambo lililompata kabla hajajua kusoma. Mwewe wa Ngorongoro ni hodari wa kushuka na kunyakua paja la kuku mkononi mwa mgeni, na wageni hulisimulia tukio hilo miaka. Paka wa sokoni hufanya hivyohivyo kwa samaki, wala haombi kiingilio. Na giza je? Pemba ilipata umeme wa gridi mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo ilikuwa ikiishi kwa majenereta na subira. Kwa hiyo Mpemba yeyote aliyefikia umri wa kuoa anajua kupapasa kiberiti gizani. Kumtoza pesa za usiku mzima ili apapase tena, safari hii katika chumba ambacho hajui kiberiti kimewekwa wapi, ni kumtia hasara mara mbili.

Kuna jambo zito zaidi nyuma ya mzaha huu, nalo ni kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wenye malazi ya maumbile wameurekebisha msemo huo: mgeni hupewa jembe siku ya kwanza, tena hulipia. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro watalii hupelekwa mashambani wakachume buni, wazitwange kwenye kinu, wazikaange kwenye moto wa kuni, kisha wanywe kahawa waliyoitolea jasho. Mtu aliyezoea kununua kahawa kwa kubonyeza kitufe hufurahi kweli, na simlaumu. Mchi kwake ni mgeni. Lakini mchukue mama wa visiwani Pemba ambaye maji yanapokupwa huwa ameshafika baharini kufunga mbegu za mwani kwenye kamba, na yanapojaa huwa anarudi nyumbani akitafuta kuni za kupikia. Mwambie mama huyo kwamba mapumziko yake ni kushika mchi na kupuliza moto. Atakuitikia kwa adabu, kwa kuwa amelelewa, lakini moyoni atakuwa amekuhukumu. Kurudi kwenye maumbile kunamfaa aliyeondoka. Asiyeondoka anaambiwa tu aongeze zamu. Hoteli kubwa, pamoja na mazulia yake yote ya kuchekesha, ina fadhila moja ambayo loji hujitahidi kuificha: mama huyu anakaa, na mtu mwingine anasimama.

Msidhani kipimo changu kinampendelea mtu wa kisiwani. Kinapima pande zote mbili, na ushahidi uko hukohuko Pemba. Kaskazini, Kigomasha, kuna hoteli ambayo mwaka 2013 ilifungua chumba kinachoelea baharini, kitanda chake kikiwa kiasi cha mita nne chini ya maji, madirisha kila upande. Mgeni hutoka Ulaya, akalipa fedha nyingi, akalala akitazamwa na samaki. Kwa kipimo changu mgeni huyo hakukosea hata chembe. Kwao hakuwahi kupata usumbufu wa samaki kumchungulia akibadilisha nguo. Ni balaa jipya, na thamani yake ameiona. Mvuvi wa Fundo, ambaye mchana kutwa alikuwa na samaki haohao na baadhi yao amerudi nao kikapuni, hawezi kulipa senti moja aendelee na kikao usiku. Chumba ni kilekile na bahari ni ileile. Kilichobadilika ni mtu. Basi tuache kuuliza kati ya loji na hoteli ipi bora, tuulize bora kwa nani.

Wapinzani wangu wana hoja, na ya kwanza ni ya ukaribu: loji iko jirani na mlima, hoteli iko mbali mjini. Hoja hii ina sura nzuri mpaka uichunguze. Chukua Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, mlima wa karibu mita 3,000 wenye lava isiyo na mfano: hutoka nyeusi, ina joto la karibu nusu ya lava za kawaida, na baada ya muda hugeuka nyeupe. Wapandaji wake huondoka karibu na usiku wa manane ili wafike kileleni kabla jua halijawakuta. Maana yake, kitanda ulicholipia, kiwe cha magogo au cha springi, kitalaliwa na begi lako. Juu ya Meru nako hakuna cha kuchagua: kuna vibanda vya Miriakamba na Saddle, na njia nzima unasindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Tena ukaribu na volkano si sifa ya kujivunia. Nyiragongo, huko mashariki mwa Kongo, ilitapika tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji wa Goma na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ikatapika tena, na lava ikafika ukingoni mwa mji. Hapo sina mzaha. Watu waliokimbilia Rwanda kwa miguu hawakuulizana nani amelala chini ya makuti na nani chini ya zege, waliulizana njia. Anayelala karibu na volkano iliyo hai aulize kwanza barabara ya kutokea, kisha ndipo aulize shuka.

Hoja ya pili ni ya mazingira, na hii naiheshimu. Wanasema loji hutumia maji kidogo, huajiri wanakijiji na huacha miti isimame, ilhali hoteli huchimba bwawa la kuogelea katika nchi ambayo ng'ombe wanatafuta pa kunywa. Ikiwa ndivyo ilivyo, nimeshindwa, na niko tayari kushindwa. Lakini makuti si cheti. Chini ya makuti panaweza kunguruma jenereta la dizeli, na chini ya bati pakawa na mpishi, mhasibu na meneja waliozaliwa kijiji hichohicho. Watu wa visiwa vya Pemba hawahitaji kufundishwa hifadhi kwa mabango: wako wanaofunga miamba kwa miezi ili pweza wakue, na wakati wa kufungua hupima faida kwa ratili, si kwa picha za machweo. Mtu wa namna hiyo akifika mapokezi, hata kama ni mapokezi ya marumaru, aulize maji yanatoka wapi, taka zinakwenda wapi na mishahara inakwenda kwa nani. Akijibiwa kwa tabasamu tupu, achukue mzigo wake akalale kwingine.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokaribia kuniangusha. Wanasema: kwa kipimo chako mwenyewe loji inashinda, kwa sababu Fundo hakuna baridi wala nyati. Kweli, ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyekwenda huko mwezi wa Julai na kikoi chake hujifunza matumizi mapya ya taulo. Lakini baridi haina ubaguzi. Huingia lojini na hotelini sawasawa, na kinachotofautiana ni kama bomba linatoa maji ya moto au linatoa maelezo. Ama nyati mlangoni, nakubali ni balaa jipya kabisa. Ila balaa linalofaa kusafiriwa ni lile ambalo mtu atarudi kulisimulia mwenyewe, si la kusimuliwa na jirani matangani. Hoteli ina mabalaa mapya ya kutosha yasiyo na pembe. Kuna kadi ya mlango, ambayo usipoichomeka ukutani taa haziwaki, na ukiichomeka na kuisahau humo, hurudi ndani mpaka umwone kijana wa mapokezi. Kuna bafu lenye mikono mitatu ya kuzungusha na maji yanayotoka mahali usipopatazamia. Kuna shuka iliyochomekwa chini ya godoro kwa nguvu kiasi kwamba kuingia kitandani ni mieleka. Kuna bafe, ambapo mtu mwenye heshima zake hupakua pilau, tambi, keki na samaki katika sahani moja, akihofia kwamba kurudi mara ya pili ni uroho. Aibu zote hizo ni mpya, hazina madhara, na akirudi Fundo zitamtosha barazani mpaka Ramadhani.

Wanaosema hoteli hizo ni zilezile dunia nzima wanasema kweli, lakini hilo ni lalamiko la aliyelala katika nyingi. Anayetoka Fundo amepanda boti hadi Wete, gari hadi Mkoani, meli hadi Unguja, nyingine hadi Dar es Salaam, kisha basi la zaidi ya kilomita 600 hadi Arusha. Mifupa yake haitafuti upekee, inatafuta godoro. Hukumu yangu basi ni hii: anayetoka penye lifti na taa zisizozimika aende lojini, akapapase kiberiti, anayetoka visiwani aende hotelini, akahudumiwe. Na kwa kuwa bei ndiyo balaa kubwa kuliko yote, aende Aprili au Mei, masika yanapowafukuza watalii na malazi mengi ya utalii yakapunguza bei. Aulize bei ya mwananchi kwa shilingi kabla hajatajiwa ya dola. Mlima huenda ukajifunika mawingu muda wote asiuone hata kidogo, lakini maji ya moto atayapata.